Maswali na Majibu: Kutoka Chuo cha Bure hadi Makato ya Asilimia 15

Barua kuhusu fedha za chuo huanza kumiminika mara matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, na haziishi hadi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamepata bumu (fedha za kujikimu) la kwanza. Katika toleo hili tumechagua zile zinazouliza mambo ambayo wengi wenu mmeyagusa. Ya kwanza ni ya historia, na tumeitanguliza kwa makusudi. Kanuni nyingi zinazomkera mkopaji wa leo zimetokana na uamuzi wa zamani, na asiyeujua uamuzi huo huishia kumlaumu karani wa dirishani.

Shikamooni wahariri. Mjomba wangu alisoma Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) miaka ya sabini. Kila nikilalamika kuhusu mkopo ananiambia wao walilishwa, walilazwa na kupewa nauli ya kurudi nyumbani, na hakuna aliyewadai senti. Ni kweli? Kama ni kweli, sisi tulianza lini kukopeshwa? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Morogoro)

Marahaba. Mjomba hakudanganyi, ila hajakusimulia yote.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilianza na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika hata 20. Nchi ilikuwa karibu haina wanasheria, wahandisi wala madaktari wake yenyewe, kwa hiyo serikali ililipa gharama zote ili iwapate. Yule kijana hakuonekana kama mteja wa chuo. Alionekana kama mtumishi wa umma anayeandaliwa, na alitarajiwa kulitumikia taifa akishamaliza.

Hapo ndipo penye sehemu ambayo mjomba ameiruka: elimu ile ilikuwa na bei, ila haikulipwa kwa fedha. Mwaka 1966 serikali iliwataka wahitimu wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, miezi mitano kambini na iliyobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi waliandamana Oktoba 22 mwaka huo hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974: kijana aliyemaliza kidato cha sita hakwenda tena chuo moja kwa moja. Alipaswa kwanza kufanya kazi, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Kama mjomba wako aliingia chuo baada ya mwaka huo, muulize alifanya kazi wapi kwanza. Tunadhani atakuwa na mengi ya kukusimulia.

Kilichovunja mfumo ule ni uchumi. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha, na bei za mazao tuliyouza nje zikashuka. Mwaka 1986 serikali ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na sera ya kubana matumizi ya umma ikafuata. Mwaka wa masomo 1992/93 ukaanza uchangiaji wa gharama, kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ilimwachia mwanafunzi nauli, ada ya maombi na usajili na michango midogo midogo. Kumbe nauli anayoisifu mjomba ndiyo iliyotangulia kuondoka. Awamu ya pili ikaongeza chakula na malazi, na kwa kuwa wazazi wengi wasingeweza kubeba mzigo huo, serikali ikaanza kukopesha kupitia wizara iliyosimamia elimu ya juu. Mikopo inayodaiwa hadi leo inahesabiwa kuanzia Julai 1994. Awamu ya tatu ikaleta ada ya masomo yenyewe, vitabu, mitihani na mafunzo kwa vitendo.

Wizara ilikopesha bila kuwa na chombo cha kudai, na fedha iliyokwenda haikurudi. Ndiyo sababu Bunge likatunga Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Bodi ilipewa kazi mbili: kukopesha wapya na kukusanya madeni yote, yakiwemo yale ya wizara.

Jambo moja la haki lisemwe. Elimu ya bure ya enzi zile iliwafikia wachache mno, na kodi iliyoilipia ilitoka kwa mkulima wa pamba, kahawa na mkonge ambaye mtoto wake mara nyingi hakufika hata sekondari. Mwaka 2020/21 fungu la mikopo lilikuwa shilingi bilioni 464, mwaka 2021/22 likafika bilioni 570, na mwaka uliofuata bilioni 654. Fedha hizo zinagusa watoto wa wilaya ambazo zamani hazikupeleka mtu chuoni kabisa. Kwetu sisi, kosa la mfumo wa mkopo halikuwa kukopesha. Lilikuwa katika namna ya kudai, na swali linalofuata linalionyesha vizuri.

Ndugu wahariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Nilianza kukatwa mshahara mwaka 2013. Baada ya miaka mitatu nilichukua taarifa ya deni nikakuta ni kubwa kuliko nilipoanza. Niliona kama nimeibiwa. Hebu nielezeni kilichotokea, na kama bado kinatokea. (Mwalimu, Songea)

Mwalimu, hukuibiwa, lakini una haki ya kuumia. Ilikuwepo tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kwa mwaka ya deni lililobaki. Hoja yake ilikuwa kwamba shilingi iliyokopeshwa leo haitanunua kitu kilekile baada ya miaka kumi. Makato yenyewe kwa wakati huo yalikuwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi.

Tufanye hesabu ya mfano. Deni ni shilingi 9,000,000 na mshahara ni 500,000. Asilimia 6 ya deni ni 540,000 kwa mwaka, yaani 45,000 kila mwezi. Asilimia 8 ya mshahara ni 40,000. Mwalimu anakatwa 40,000, tozo inaongeza 45,000, na kila mwezi deni linakua kwa 5,000. Anakatwa mwaka mzima bila kukosa na mwishoni anadaiwa 60,000 zaidi. Mwenye mshahara mkubwa alitoka, mwenye mshahara mdogo alizama, ingawa wote walikopa kiasi kilekile. Tunaona huo ulikuwa uonevu kwa watu waliokuwa wakilipa kwa uaminifu, na tunauita hivyo bila kumung'unya maneno. Juu yake kulikuwa na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa: kwa deni la mfano wetu, 900,000 kwa mkupuo.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato hadi asilimia 15, yakawagusa hata waliosaini mikataba wakijua ni 8. Kwa mshahara uleule, makato yakawa 75,000. Tozo ikachukua 45,000, na 30,000 tu ndiyo iliyopunguza deni. Liliumiza mfuko, ila angalau deni lilianza kushuka.

Mabadiliko makubwa yalikuja Mei Mosi 2021 jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuifuta ile tozo ya asilimia 6, na utekelezaji ukaanza Julai 1, 2021. Adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Tangu hapo 75,000 yote inapunguza deni, na milioni 9 inakwisha kwa miezi 120, yaani miaka kumi. Makato ya asilimia 15 yamebaki, na ada ya uendeshaji ya asilimia 1 imebaki.

La kufanya sasa: omba taarifa kamili ya deni na uisome mstari kwa mstari. Tafuta vitu vitatu. Kwanza, kiasi cha msingi kilingane na ulichosaini kila mwaka wa masomo. Pili, tozo isiwe imeongezwa kwa tarehe yoyote baada ya Juni 2021. Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, kila mwezi uliokatwa uonekane. Linganisha na hati zako za mshahara. Mwezi ulio kwenye hati ya mshahara lakini haumo kwenye taarifa una maana mwajiri alikata na hakupeleka, au alipeleka kwa jina au namba isiyo yako. Walimu waliohamishwa halmashauri walitazame hili kwa jicho kali zaidi, hasa miezi miwili ya mwanzo kituo kipya. Mwajiri anatakiwa kupeleka makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Peleka nakala za hati za mshahara za miezi inayokosekana, na usikubali kujibiwa kwa mdomo. Andika barua, ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala.

Nilimaliza chuo 1999. Enzi hizo tulijaza fomu wizarani tukijua ni msaada. Juzi nimeanza kukatwa. Je, sheria ya 2004 inaweza kunirudi mimi wa zamani? (Mfanyakazi wa kampuni binafsi, Arusha)

Ndiyo. Fomu ile ilikuwa ya mkopo, na sheria iliirithisha Bodi mikopo yote kuanzia Julai 1994. Aliyemaliza kabla ya hapo hadaiwi. Uliyeingia chuo kabla ya 1994 na kumaliza baada yake unadaiwa kwa miaka ile tu uliyokopeshwa, kwa hiyo hakiki kwamba hujahesabiwa mwaka usiohusika. Na kuhusu kwa nini "juzi": mwajiri anapaswa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28 anapomwajiri mhitimu. Wako huenda hakufanya hivyo hadi alipokaguliwa.

Assalaam aleikum. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, baba yake ni marehemu. Watu wananiambia yatima anapata mkopo moja kwa moja, nisihangaike. Naomba mnielekeze tangu mwanzo, mimi sikusoma sana. (Mama, Lindi)

Waaleikum salaam, mama. Pole kwa msiba, na tafadhali usiwasikilize wanaosema usihangaike. Mfumo hauoni uyatima wa mtoto. Unaona cheti cha kifo kilichohakikiwa. Bila hicho, binti yako atapangwa kama mwenye wazazi wote wawili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kompyuta, ni vyeti, na ianze hata kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Mnahitaji cheti cha kuzaliwa cha binti na cheti cha kifo cha baba, vyote viwe vimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. (Mliozaliwa Zanzibar, uhakiki ni kwa wakala wa matukio ya kijamii wa huko, ZCSRA.) Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Kama mnacho kibali tu, nenda ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya ambako vizazi na vifo husajiliwa, uombe kusajili kifo kilichochelewa kuandikishwa. Hilo lina safari zake, ndiyo maana tunasema lianze mapema.

Halafu weka vyeti vyote mezani, usome majina herufi kwa herufi. Kwetu Pwani hili ndilo linaloangusha watoto wengi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinasema baba ni "Hamisi", cheti cha kifo kinasema "Khamis". Cheti cha kidato cha nne kinasema "Zainabu", cha kuzaliwa kinasema "Zainab". Mtaani ni mtu mmoja. Kwenye mfumo ni watu wawili. Likionekana hilo, nendeni kwa wakili au mahakamani mkapate kiapo cha majina, au RITA wakarekebishe cheti. Kiapo huambatishwa kwenye maombi.

Kazi ya pili ni maombi yenyewe, yanayofanyika kwenye mtandao wa Bodi. Binti ajisajili kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Kama alirudia mtihani ana namba mbili, na ni lazima ileile aliyoombea udahili wa chuo ndiyo aombee mkopo. Akichanganya, chuo kitamwona mtu mmoja na Bodi mwingine, na jina lake halitaoana. Mfumo utampa namba ya malipo, na ada ya maombi ambayo imekuwa shilingi 30,000 italipwa kwa simu au benki. Hairudishwi. Asimpe mtu mkononi.

Akishajaza, atachapa fomu pamoja na mkataba wa mkopo. Vinahitaji saini zake, za mdhamini, za serikali ya mtaa au kijiji pamoja na muhuri, na za wakili au hakimu anayethibitisha viapo. Mdhamini unaweza kuwa wewe mwenyewe, mama, ukiwa na kitambulisho chako na picha. Kisha kurasa zilizosainiwa hupigwa skani na kupandishwa tena kwenye mfumo. Hapa makosa ni ya macho tu: ukurasa mmoja umesahaulika, muhuri umefifia, picha imepigwa kwa simu gizani hadi maandishi hayasomeki. Fungueni kila faili baada ya kulipandisha mlitazame kwa macho yenu, kisha ndipo abonyeze kitufe cha kuwasilisha. Wengi hujaza kila kitu, wakalipa, halafu hawawasilishi, wakidhani wamemaliza.

Kama kaya yenu iko TASAF (mpango wa kusaidia kaya maskini), namba ya kaya iandikwe. Kama kuna mtu au taasisi iliyomlipia ada ya sekondari, ipatikane barua yake, kwa sababu shule ya ada kubwa bila maelezo inasomeka kama uwezo wa familia. Mwenye ulemavu anahitaji fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Tayarisheni pia namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), akaunti ya benki yenye jina la binti mwenyewe, na laini ya simu ambayo hataibadilisha.

Msisubiri wiki ya mwisho. Kila mwaka mfumo huelemewa siku hizo na foleni ya RITA hurefuka.

Nimepangiwa asilimia ndogo ya ada wakati rafiki yangu tuliyesoma naye amepata yote. Vigezo ni vipi hasa, na rufaa ina maana? (Mwaka wa kwanza, Mbeya)

Bodi ilipoanza ilijaribu njia nyepesi: mwaka 2006/07 wakopaji walipewa asilimia 60 ya ada na kuambiwa wajazie 40. Kwa mtoto wa mkulima, 40 ile ilikuwa sawa na kufukuzwa, na migomo ikafuata. Tangu 2007/08 ukaja upimaji wa uwezo, na madaraja kutoka A hadi F: A alipata asilimia 100, kisha 80, 60, 40, 20, na F sifuri. Namna ya kukokotoa imebadilika tangu wakati huo, lakini wazo limebaki: hali ya wazazi, uyatima, ulemavu, TASAF, na shule ulizosoma na ada yake, yote yakisomwa kwenye karatasi.

Rufaa ina maana ikiwa una karatasi mpya. "Baba ni mkulima, hali ni ngumu" haitoshi, kwa sababu waombaji karibu wote wanasema hivyo na hakuna kinachomtofautisha mmoja na mwenzake. Rufaa inayosikilizwa huleta kitu ambacho hakikuwepo: cheti cha kifo kilichochelewa kuhakikiwa, uthibitisho wa hospitali kwamba mzazi amepata ulemavu, barua ya mfadhili wa sekondari, hati kwamba mzazi amepunguzwa kazini. Soma tena maombi yako ya awali kabla hujaandika. Mara nyingi utakuta kisanduku ulichoacha wazi, na hicho ndicho cha kurekebisha. Rufaa huwa na dirisha lake fupi baada ya orodha kutoka, likipita limepita. Na kama maisha yamebadilika katikati ya masomo, mathalani mzazi amefariki ukiwa mwaka wa pili, peleka taarifa hizo. Hazijiandiki zenyewe.

Bumu la kwanza limechelewa wiki nne, wenzangu wa chuo kingine wamepata. Tatizo ni Bodi au chuo? (Mwaka wa kwanza, Dodoma)

Inaweza kuwa yeyote kati ya watatu, wewe ukiwemo. Fedha hazitoki hadi usajili wako chuoni ukamilike na chuo kipeleke taarifa zako. Chuo kilichochelewa kusajili huchelewesha wote. Kisha lazima uthibitishe malipo kwa saini au kwa mfumo wa kidijiti unaotumika chuoni, na asiyejitokeza siku hizo fedha yake hubaki palepale au kurudishwa. Mwisho ni akaunti: namba iliyokosewa tarakimu moja, akaunti iliyolala, jina lisilofanana. Anza na ofisi ya mikopo ya chuo, uliza swali moja tu: "Jina langu limo kwenye orodha ya malipo?" Likiwemo, tatizo liko kwako au benki. Lisipokuwemo, uliza kwa nini, na usiondoke na jibu la "subiri".

Ada hulipwa chuoni moja kwa moja. Kinachokuja mkononi ni fedha za kujikimu na za vitabu. Za kujikimu zilikuwa 8,500 kwa siku kuanzia 2015, na ndiyo sababu kaka zenu wanaikumbuka "510,000", yaani siku 60. Zilikaa hapo miaka saba, unga na kodi za vyumba vikipanda, hadi zikawa 10,000 mwaka 2022/23, sawa na 600,000 kwa miezi miwili. Njoo chuoni ukiwa na akiba ya mwezi mmoja wa chakula, hata kama jina lako limetoka na asilimia 100. Mpangishaji anayetaka kodi ya miezi sita kabla hujaingia ndiye anayemaliza bumu la wengi kabla halijafika; tafuta anayepokea kila miezi miwili.

Mwaka ujao kumbuka pia: mkopo huendelea ukifaulu kwenda mwaka unaofuata. Ukidisko, yaani ukiondolewa chuo kwa kufeli, unasimama. Ukiugua, ahirisha masomo kwa barua rasmi ya chuo na hakikisha Bodi imeipata, kwa sababu aliyetoweka bila barua huhesabiwa ameacha. Ukihama chuo, uhamisho wa mkopo ni maombi tofauti na uhamisho wa masomo.

Mimi ni wa stashahada. Tulikuwa tukiambiwa mikopo ni ya shahada tu. Imebadilika? (Kijana, Kahama)

Imebadilika. Mwaka 2023/24 wanafunzi wa stashahada waliingizwa, kwa fungu la shilingi bilioni 48, lakini katika fani za kipaumbele: afya, ualimu wa fani za ufundi, usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini, na kilimo na mifugo. Kabla hujalipa ada ya maombi, soma mwongozo wa mwaka huo uone kama kozi yako imetajwa kwa jina. Kozi iliyo karibu na iliyotajwa haihesabiwi. Na kwa mdogo wako aliyefanya vizuri sana kidato cha sita kwenye masomo ya sayansi, kuna Ufadhili wa Samia ulioanza 2022/23. Huo haurudishwi, na anayestahili apigane aupate.

Nimehitimu, nauza vifaa vya simu Kariakoo, sina mwajiri. Rafiki yangu yuko Muscat. Sisi nani atatukata? (Dar es Salaam)

Hakuna, na hapo ndipo hatari ilipo. Deni linaanza kudaiwa miezi 24 baada ya kuhitimu, uwe na mwajiri au usiwe naye. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake, kwa namba ya malipo anayopewa na Bodi, na wa Muscat hali kadhalika. Asiyelipa jina lake linaweza kupelekwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo, na siku akitaka mkopo wa benki wa kukuza duka atalikuta huko. Mdhamini wake naye husumbuliwa.

Mwenye biashara ya msimu tunamshauri aende kuzungumza na Bodi kabla hajadaiwa, alipe zaidi miezi mizuri. Kila risiti itunzwe, kwa simu na kwa karatasi. Deni likiisha, dai cheti cha kumaliza deni. Aliyeajiriwa ahakikishe makato yanasimama mwezi unaofuata. Yakiendelea, kiasi kilichozidi hurejeshwa kwa maombi ya maandishi, yakiambatana na hati za mshahara za miezi iliyozidi.

Ni Mkenya ninayesoma Dar. Naweza kuomba huku? Na kwetu mambo yalikwendaje? (Mombasa)

Mikopo ya HESLB ni ya raia wa Tanzania. Omba HELB, bodi ya mikopo ya kwenu, ambayo imekuwa ikiwakopesha pia Wakenya walio katika vyuo vinavyotambuliwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kenya ilitangulia kukopesha, tangu 1974, nayo pia ikakopesha kupitia wizara na fedha haikurudi vizuri. HELB iliundwa kwa sheria ya 1995. Riba ya shahada ya kwanza ni asilimia 4, unaanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na faini ya kuchelewa ni shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi. Faini hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko riba: mwaka mmoja wa kimya ni 60,000. Mwaka 2023 ulikuja mfumo mpya unaowagawa wanafunzi katika makundi kwa uwezo wa kaya, kila kundi na mchanganyiko wake wa ufadhili, mkopo na mchango wa familia. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, na shauri likaenda Mahakama ya Rufani. Ukipangwa kundi usilostahili, kata rufaa kwa vielelezo, na usiache kulipia usajili wa muhula huku ukisubiri majibu.

Mimi ni Mzanzibari nasoma Bara. Niombe wapi, au niombe kote ili nijihakikishie? (Pemba)

Usiombe kote. Zanzibar ina bodi yake iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na Bodi ya Muungano nayo inakupokea, lakini hupaswi kufadhiliwa na zote mbili. Mafaili hulinganishwa, na jina lililoonekana pande mbili husimamishwa hadi lifafanuliwe, wakati huo chuo kikidai ada. Chagua moja kabla ya kulipa, cheti chako kihakikiwe ZCSRA, na fomu isainiwe na sheha wa shehia unayoishi. Sheha akiwa safarini, subiri arudi au mtafute anayemshikia nafasi kwa maandishi. Saini ya jirani mwenye muhuri wa mtaa mwingine hurudisha fomu.